Kisa cha paa na Sultani Darai kwa vijana: tukiigize cha kale, cha mjini, au tuchanganye?

Mama Jukwaa (Tanga)
Habari za kazi, wapenzi wa maigizo. Nina vijana 22 wa miaka 14 hadi 18, na tumepewa ukumbi wa shule kwa ajili ya Desemba. Tumechagua kisa cha paa na Sultani Darai. Wengi mlisimuliwa nyumbani, na kimo pia kwenye mkusanyiko wa ngano za Unguja alioutoa Askofu Edward Steere mwaka 1870, kwa hiyo hakuna wa kutudai haki za mtunzi.

Kwa waliokisahau: maskini anachakura jaani akitafuta punje za mtama. Anaokota thumni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Paa anapata almasi, anaipeleka kwa sultani wa mbali na kusema imetoka kwa bwana wake Sultani Darai, anayeomba kuoa binti. Bwana mwenyewe hana hata nguo! Paa anampiga bwana wake ili aonekane ameporwa, kisha anakwenda kumwambia sultani kwamba wameporwa njiani, sultani anatuma nguo na farasi, harusi inafungwa. Paa anatafuta nyumba, anaua joka la vichwa saba na kuitwaa. Ndipo paa anaugua, na bwana yule yule anaagiza apikiwe uji wa mtama tu. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Siku moja bwana anaamka, yuko jaani anachakura.

Njia tatu zipo mezani. Ya kwanza, Unguja ya zamani: kanzu, ngoma, mtambaji wa ngano kwenye kigoda. Ya pili, Dar ya leo: dampo, simu, paa awe binti mjanja wa mtaani. Ya tatu, mtambaji wa kale na wahusika wa leo. Vijana wanataka ya pili, wazazi wanataka ya kwanza. Nipeni sababu, si kura.

Mwalimu wa Kilifi
Dada, mimi ni wa njia ya kwanza, ila nitakwambia na hatari yake. Huku Kenya kwenye tamasha la kitaifa la drama za shule, masimulizi ni kipengele kinachojitegemea, na nimeona jinsi mtambaji hodari anavyoushika ukumbi mzima. Akisema "Paukwa!" hata mkuu wa shule anaitika "Pakawa!" Hadhira ikishaitika mara moja ni yako, huhitaji kipaza sauti wala pazia.

Hatari ni kwamba mtambaji anaweza kulimeza igizo. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake *Ngao ya Jadi* miaka ya sabini alikusudia hasa msimulizi abebe kisa kizima. Wewe una vijana 22, hao 21 watafanya nini? Ukiwaweka nyuma wapige makofi tu, baada ya wiki mbili za mazoezi nusu hawatarudi. Mtambaji awe na maneno machache, na kila anapotamka jambo lililo na tendo, anyamaze na tendo lionekane. "Paa akaenda mbio siku nyingi" haisemwi, inachezwa.

Asha wa Kariakoo
Mwalimu shikamoo. Mimi nasimama na vijana. Kisa hiki ni cha leo kuliko visa vingi vinavyoandikwa leo! Mtu hana kitu, mwenzake anamtengenezea jina, picha na ukoo, watu wanaamini, anaoa, anahamia jumba. Hatuwaoni kila siku wanaopiga picha mbele ya gari la kukodi? Paa ndiye anayemwendeshea ukurasa wake. Mkikivalisha kanzu, vijana watasema hayo ni mambo ya masultani, hayatuhusu. Harusi ipigwe singeli, na ule mwendo wake wa kasi uwe ndio utajiri unavyokuja, haraka mno, kabla mtu hajauliza umetoka wapi.

Fundi Taa
Nazungumzia mbao na waya tu. Njia ya pili ina gharama ambayo watu huisahau: mji wa leo hadhira inaujua. Ukiweka sofa la plastiki na kusema ni jumba la tajiri, mtoto wa darasa la tatu atacheka. Jumba la sultani hajaliona mtu, shuka jeupe na sinia la shaba vinatosha.

Lakini vyovyote mtakavyoamua, msibadilishe mandhari kila onyesho. Jengeni jaa moja katikati ya jukwaa tangu mwanzo: magunia, mabati, ndoo zilizopasuka, matairi. Yote mtayapata bure. Nyumba ya joka ijengwe juu ya jaa hilo hilo kwa kulifunika vitambaa, na Sultani Darai akae juu yake bila kujua amekalia nini. Mwisho mtu mmoja anavuta vitambaa. Kwenye ukumbi wa shule wenye taa za tyubu tupu huwezi kuzima taa taratibu wala kuficha kitu, basi fanyeni mabadiliko mbele ya macho ya watu.

Bakari wa Ng'ambo
Fundi, hilo la jaa nalichukua hata kwa kazi zangu mwenyewe.

Kuhusu paa, nawaomba sana: asiwe binti wa mtaani. Paa akishakuwa mtu, hadhira itamuuliza maswali ya mtu. Analipwa nini? Anampenda bwana? Kwa nini haondoki? Kifo chake kitakuwa ugomvi wa mwajiri na mfanyakazi, kisa kinachofaa, lakini si hiki. Paa wa ngano anatoa bila kudai, na ndiyo maana ule uji unauma. Mnyama hawezi kumshitaki mtu popote, bwana anabaki na dhamira yake tu.

Mfanyeni kikaragosi kinachoendeshwa na vijana watatu wanaoonekana wazi. Handspring, kikundi cha Cape Town, walitengeneza farasi wa namna hiyo kwa jukwaa la National Theatre la London mwaka 2007: watu watatu kwa farasi mmoja, wala hawakujificha, na baada ya dakika chache hadhira ilimwona farasi tu. Siri iko kwenye pumzi. Mwanasesere akipumua muda wote, hata asipotembea, anaishi. Paa wenu atengenezwe kwa fito na magunia yaliyotoka jaani. Anapokufa, wale watatu wanaacha kupumua naye, wanamlaza chini na kuondoka. Msiongeze kilio wala muziki hapo.

Joka ni rahisi zaidi: vijana saba, kaniki moja ndefu, kila mmoja kichwa kimoja.

Asha wa Kariakoo
Kaka Bakari, kwenye paa umenishika. Abaki mnyama. Bwana, mke na wakwe wabaki wa leo.

Ila hakuna aliyemtaja mke! Kwenye kisa yeye ndiye anayemhudumia paa kwa siri, anampelekea chakula kizuri mumewe asijue, na kutuma habari kwa baba yake. Ndiye pekee mwenye macho ndani ya nyumba ile, na mara nyingi anapewa maneno mawili na kanga ya kufutia machozi. Kikundi kina wasichana, bila shaka. Mama Jukwaa, utakuwa unaijua Tuseme, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996: wasichana wa sekondari walilitumia jukwaa kuyasema yaliyokuwa yakiwakabili shuleni. Fanya hivyo kwa onyesho la uji. Usiwaandikie. Waweke wasichana na wavulana pamoja, uliza "mke angemwambia nini mumewe usiku ule?", waigize papo kwa papo, halafu uandike kilichosemwa.

Dogo wa Morogoro
Shikamooni wote. Mimi nina miaka 16, niko kwenye kikundi cha huku. Je, mwisho hauwezi kubadilishwa? Bwana ajute, paa apone. Watazamaji wadogo watalia.

Bakari wa Ng'ambo
Marahaba mdogo wangu. Wacha walie. Bwana amepewa nafasi mara nyingi, kila mara kizee wa ile nyumba anarudi kumwambia kwamba paa ana hali mbaya, na kila mara anajibu vile vile. Paa akipona, maneno yake yote hayana uzito. Ila wadogo wa darasa la kwanza na la pili wafanyieni onyesho fupi linaloishia kwenye joka.

Mama Jukwaa (Tanga)
Nawashukuru mno. Basi ni njia ya tatu, ila kwa mpangilio wenu: mtambaji mwenye maneno machache, jaa moja, paa wa magunia, watu wa leo. Singeli iwe harusini tu, kwingine ngoma. Onyesho la uji tutalitunga na vijana wenyewe Jumamosi hii, na mke atakuwa na nafasi yake. Kwa kuwa tutauza tiketi, kesho napita kwa afisa utamaduni wa wilaya kuulizia kibali mapema.

Bakari, nahitaji msaada wako kwenye shingo ya paa. Tumejaribu fito za mkoko, ni nzito, mtoto anachoka mkono kabla ya harusi. Ninyi mnatumia nini?

Bakari wa Ng'ambo
Henzirani, ile ya kusukia viti. Iloweke usiku kucha, ipinde asubuhi, ifunge kwa mpira wa baiskeli badala ya misumari. Na kichwa kiwe cha boksi na gundi ya unga, kisizidi uzito wa embe. Nitumie picha ukimaliza kiunzi, kabla hujavika magunia.