MKAZI MPYA? MIMI? Yule mama wa nyumba ya kona leo kanivunjia heshima mbele ya mawifi zangu

#1 MamaWaMatofaliMekundu
Wakuu, naandika hata vyombo vya Idi sijaosha. Nimechafukwa roho.

Wote mnaoishi hapa Reading, Uingereza, kwenye ile mitaa ya nyumba zilizoshikana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Ana kamera mlangoni, ana kamera dirisha la juu, na nina hakika hata paka wake kavalishwa kamera. Ukipiga chafya jikoni kwako, yeye keshaandika saa ngapi.

Leo nyumba imejaa. Mawifi wametoka Milton Keynes, shangazi katoka Slough, biriani ndiyo kwanza linapakuliwa. Kengele inalia. Natoka na dera langu jipya, udi unanukia mpaka barabarani. Yeye huyo, meno yote nje, ananikabidhi karatasi iliyopigwa laminesheni. Juu kaandika kwa herufi kubwa: KARIBUNI WAKAZI WAPYA.

Wakazi wapya!

Mimi nimehamia mtaa huu mwaka 2008. Yeye alinikuta! Siku lori lake la mizigo lilipoziba njia na mtaa mzima unapiga honi, nani alimtolea chai ya tangawizi? Leo ananikaribisha. Mimi. Mkazi mpya.

Sasa sikilizeni kilichomo. Pipa jekundu la karatasi, makopo na plastiki, pipa la kijivu la taka nyingine, kindoo cha mabaki ya chakula kitoke kila wiki. Kajifunzia wapi? Mabaki ya chakula yalipoanza kukusanywa mwaka 2021 alikuja mlangoni kwangu kuuliza kama mifupa ya kuku inaruhusiwa. Nikamwambia inaruhusiwa. Na humu kaandika, “mifupa inaruhusiwa”. Maneno yangu nauziwa mimi mwenyewe!

Kaandika jambo lisilo la dharura polisi wapigiwe 101. Hiyo 101 nilimpa MIMI, usiku baiskeli ya mumewe ilipoibwa na yeye anataka kupiga 999 aletewe helikopta.

Kaandika makelele mwisho saa tano usiku. Yeye tarehe 5 Novemba, usiku wa fataki wa Waingereza, za kwake zinalipuka mpaka saa saba, na sheria usiku ule inasema mwisho saa sita. Watoto wote wa mtaa macho.

Halafu mstari wa mwisho kaukoleza kwa kalamu nyekundu: wageni wasiegeshe mbele ya nyumba ya kona. Wageni wangu wote walikuwa na vibali. Barabara ni ya umma, hakuna mtu aliyerithi lami.

Lakini hayo yote ningemeza. Kilichoniua ni wifi kuichukua ile karatasi mkononi mwangu na kuisomea sebule nzima. Wa-ka-zi wa-pya. Polepole, mbele ya shangazi! Sebule ikacheka mpaka mtoto aliyelala akaamka.

#2 MzeeWaKennet
Pole sana dada. Ulimjibu nini?

#3 MamaWaMatofaliMekundu
Nilimwambia “101 nilikupa mimi!” Hakunisikia, alishageuka kulipiga picha gari la shangazi. MKAZI MPYA, mzee wangu. Mwaka 2008!

#4 Kijana_wa_Chumbageni
Yaani uzi mzima umekasirika kwa sababu umekaribishwa? Dada, kama tangu 2008 jirani hakujui sura, tatizo ni wewe hutoki ndani.

#5 MamaWaMatofaliMekundu
Ananijua! Mifupa ya kuku aliuliza ukutani?

#6 Wifi_Halisi
Mimi ndiye huyo wifi. Nimesoma kwa sauti kwa kuwa shangazi kasahau miwani Slough. Na kwa kuwa tumeamua kusema yote hadharani, biriani halikuwa na chumvi.

#7 MzeeWaKennet
Uuuwi.

#8 MamaWaMatofaliMekundu
Wifi, sahani mbili ulizobeba za kwenda nazo nyumbani zilikuwa za nini kama halina chumvi? Rudini kwenye mada.

#9 BintiMK
Nyie wenye mapipa mawili na kindoo mnalalamika nini? Huku Milton Keynes tangu 2023 tuna mapipa manne. Mbele ya nyumba yangu panafanana na bandari, na mlango wangu hauonekani. Mleta pizza juzi kazunguka nyumba akaenda kugonga dirisha la choo.

#10 Kijana_wa_Chumbageni
Manne!

#11 BabaWatatu
Mapipa si shida. Shida ni kodi ya halmashauri. Mnajua nyumba zetu England hii zimepangwa madaraja kwa bei ya tarehe 1 Aprili 1991? Hata nyumba iliyojengwa mwaka jana wanakisia ingeuzwaje 1991. Mimi 1991 nilikuwa Muheza, nachunga mbuzi, leo naambiwa niko daraja D.

#12 LeicesterKwetu
Mbweha je? Hakuna anayesema mbweha. Jana kanifungulia mfuko wa taka, mifupa kaitandaza mpaka kwa jirani Mgujarati ambaye hali nyama. Nimeomba radhi kwa mikono miwili.

#13 BintiMK
Mbweha hafungui pipa lenye kufuli ya kifuniko. Kindoo ukiinua mkono wake mbele, kinajifunga.

#14 MamaWaMatofaliMekundu
Jamani. Karatasi. Laminesheni. Mbele ya shangazi.

#15 LeicesterKwetu
Huyu wangu anafungua, nimemwona kwa macho yangu. Anakiangusha kwanza.

#16 Wifi_Halisi
Shangazi anauliza kama lile biriani lililobaki bado lipo. Atapita kesho na barabara ya A4.

#17 MzeeWaKennet
BabaWatatu, hilo daraja mtu anaweza kulipinga?

#18 BabaWatatu
Unaandikia Valuation Office, ofisi ya serikali inayopanga hayo madaraja. Ila angalia, wakikagua wanaweza kulishusha au kulipandisha, na wakagusa ya majirani pia.

#19 MzeeWaKennet
Na majirani wakijua ni wewe?

#20 BabaWatatu
Ndiyo maana nimekaa na D yangu.