Mzimu ukiandikwa vizuri ndiyo unaacha kuwa mzimu? Nimechoka na wasomi wa fasihi ya Marekani

Wakuu, leo naongea kwa hasira, mnivumilie.

Nimebishana na jamaa mmoja, msomi wa fasihi. Kashikilia kwamba hadithi za Kimarekani za mizimu na mapepo, yaani fantasia ya giza, ni za kupotezea muda tu. Nikamuuliza, na riwaya ya Beloved ya Toni Morrison? Akajibu bila hata kupepesa macho: "Ile si fantasia, ile ni historia ya utumwa."

Haya, tuifungue basi. Kuna nyumba Cincinnati, kioo kinapasuka ukikitazama tu, viganja viwili vya mtoto vinajichora kwenye keki, na mtoto mwenyewe ni marehemu: mama yake alimuua asirudishwe utumwani. Baadaye marehemu anarudi na mwili wake kamili, anakula, anamnyonya mama uhai mpaka mama anakonda. Hiyo kama si fantasia ya giza ni nini, ripoti ya sensa? Lakini kwa vile ilibeba tuzo ya Pulitzer mwaka 1988, mzimu umepandishwa cheo, sasa unaitwa "ishara".

Octavia Butler, mwandishi mwingine wa Kimarekani, naye aliita riwaya yake Kindred ya 1979 fantasia, tena ya kuogofya. Dada mweusi wa California ya 1976 anavutwa mpaka Maryland ya watumwa, na hakuna mashine wala sayansi inayoelezea. Safari ya mwisho anarudi mkono umenasa ndani ya ukuta, anaukosa moja kwa moja. Wangapi wanaofundisha kitabu hiki wanalitaja neno fantasia? (Najua mtasema nakuza mambo. Semeni.)

Mwandishi ambaye hadithi zake hazikubali kubadilishwa jina ndiye anayekiona cha moto. Mwaka 2003 Stephen King, mwandishi wa riwaya za kutisha, alipopewa medali ya heshima na taasisi ya National Book Foundation, Harold Bloom, profesa wa fasihi Chuo Kikuu cha Yale, alikuja juu kana kwamba msikiti umeingizwa mbwa.

Na msiniletee ile ya "mbona Poe anasomwa mashuleni", yaani Edgar Allan Poe, yule wa hadithi za kutisha wa zamani. Alipofariki 1849, Rufus Griswold, mhariri aliyekuwa hasimu wake, alijificha nyuma ya jina la bandia akaandika gazetini kwamba wachache watasikitika. Heshima ilikuja mwenyewe keshaoza.

Walimu wa fasihi mliomo humu, nijibuni moja tu: kitabu gani cha mizimu mmewahi kukisifu bila kwanza kukivua mizimu yake? Na asije mtu na "ishara" hapa.