Stempu za zamani za marehemu baba: nizibandue, niuze au nizitunze? Naombeni ushauri

BintiChumbageni
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya stempu, wale wa "uza ule" leo mnipishe kidogo.

Marehemu baba alikuwa karani wa posta, alianzia Unguja akaja kustaafia Tanga. Arobaini imepita, vya kugawana tumegawana, mimi likaniangukia sanduku la makaratasi ambalo hakuna aliyelitaka. Ndani kuna albamu na furushi la bahasha kuukuu zimefungwa kwa uzi. Baadhi zina barua zake, nyingine ni bahasha tupu zenye stempu na mihuri.

Nimechungulia haraka. Kuna stempu za Zanzibar zenye sultani, karafuu, jahazi na msikiti, halafu juu yake pamegongwa JAMHURI 1964. Moja maandishi yamepinduka, kichwa chini. Kuna ya Wajerumani yenye meli, DEUTSCH-OSTAFRIKA, kwenye muhuri nasoma "...GAMOYO". Za twiga za Tanganyika zimejaa. Ipo kubwa ya rupia 10 ya mfalme mwenye ndevu, imechorwa alama ya mkasi (X) kwa wino wa kalamu. Na ipo ndogo nyekundu ya malkia, haina jina la nchi yoyote. Shemeji anaapa kwamba hiyo ni ya mwanzo duniani na ni mamilioni.

Sasa shemeji huyohuyo anataka tuloweke bahasha zote kwenye beseni tubandue stempu, albamu ipendeze. Na kuna mnunuzi wa vitu vya kale katoa ofa ya laki tatu kwa sanduku zima, anataka jibu kabla ya Ijumaa. Halafu nyingine ambazo hazijatumika zimegandana kwa unyevu. Nifanyeje?

Dogo_Mbezi
Dada chukua laki tatu. Siku hizi nani anatuma barua? Hata kazi tunaomba kwa imeili na hatujibiwi.

MzeeMalindi
Pole kwa msiba, mwanangu. Mwambie shemeji alirudishe beseni jikoni.

Stempu iliyobanduliwa ni stempu tu, na nyingi za aina hizo zipo tele duniani. Bahasha nzima ni kitu kingine. Inakuonyesha barua ilitoka wapi, tarehe gani, ililipiwa kiasi gani, ilipita posta zipi hadi kufika. Geuza nyuma uangalie, mara nyingi mna muhuri wa posta iliyopokea. Wakusanyaji wanaojua kazi yao wanalipia habari hiyo, na ukishalowesha haiungiki tena.

Hizo za JAMHURI 1964 ziweke mbali na mikono ya watu. Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari. Posta imejaa stempu zenye sura ya sultani, na sultani keshakimbia. Kuchapisha mpya kunataka muda. Basi tarehe 17 Januari zikatoka zilezile za zamani zimegongwa JAMHURI 1964 kwa muhuri wa mkono, palepale Unguja. Kazi ya mkono ndivyo ilivyo: nyingine zimepinda, nyingine wino umefurika, nyingine zimegongwa mara mbili, nyingine kichwa chini kama hiyo yako. Mwisho wa Februari zikaja zilizopigwa chapa London, herufi zimenyooka kama askari. Kwa hiyo kwanza tazama zako ni za mkono au za kiwandani.

Na huyo sultani unayemwona juu ya karafuu, kama ni toleo la 1961, ni Sayyid Abdulla bin Khalifa, aliyefariki Julai 1963. Jamhuri imegongwa kwenye uso wa marehemu. Wala si mara ya kwanza kwetu. Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki Agosti 1896, na stempu zenye sura yake zikaingia posta yeye keshazikwa.

Kizingo_Msa
Mzee kamaliza ya Unguja, mimi niseme za bara.

Meli hiyo ni Hohenzollern, ya Kaiser mwenyewe. Wajerumani walitumia picha hiyo moja kwa makoloni yao yote, kuanzia Togo hadi Samoa, wakabadilisha jina na pesa tu. Soma thamani yake. Ikiwa ni PESA, ni ya kabla ya mageuzi ya 1905, wakati pesa 64 zilikuwa rupia moja. Ikiwa ni HELLER, ni ya baadaye, heller 100 kwa rupia. Za thamani ndogo hazina bei ya kutisha. Utamu uko kwenye muhuri. Bagamoyo ni mzuri, ila ungekuwa wa kituo kidogo cha ndani huko ningelipa nauli nije kuuona.

Na kama una bahasha za wakati wa vita vya kwanza, tafadhali usiziguse. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, stempu zikaanza kuisha. Mwanzoni mwa 1916 mitambo ya misheni ya Vuga, huko Usambara, ikachapa stempu za dharura. Kabla hazijaanza kazi, ikapenya meli ya shehena kutoka Ujerumani ikiwa na stempu za kawaida. Zile za Vuga zikafukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa Waingereza, zikaja kufukuliwa baada ya vita, nyingi zimeharibiwa na unyevu. Katika vitabu vya wakusanyaji utaziona kwa jina la "Wuga". Mtu wa Lushoto anapita hapo kila siku hajui.

Twiga za Tanganyika zilianza 1922. Nyingi ni rahisi, isipokuwa zile za shilingi nyingi.

Kama una zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, tafuta ya senti 5 ya 1935 yenye jahazi Ziwa Victoria. Chukua lenzi, tazama kamba ya kushoto inapokutana na tanga. Kuna ambazo kamba imegusa tanga na ambazo haijagusa. Ni uwazi mdogo kuliko ncha ya sindano, na watu wazima na akili zao wanabishania huo usiku kucha. Mimi mmoja wao.

Bi_Nyaraka
Dada, nafanya kazi na karatasi kuukuu, nitakujibu la kutunza.

Zilizogandana usizivute wala usizipashe moto. Chukua kontena la plastiki lenye mfuniko, weka chini sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa, juu yake kitu chenye matundu kama kichujio, kisha stempu juu ya hicho. Hazitakiwi kugusa maji. Funga, uwe unachungulia kila baada ya saa kadhaa. Unyevu ukishalainisha gundi zitaachia polepole, uzitenganishe kwa kibano chenye ncha bapa. Gundi haitabaki kama ilivyokuwa, lakini karatasi haitachanika.

Maji kamwe kwa stempu za zamani za zambarau na kijani za enzi za Waingereza. Wino wa nyingi kati ya hizo uliundwa makusudi uchuje ukilowa, ili mtu asioshe muhuri akatumia stempu mara ya pili. Ukiiweka ndani ya beseni unaitoa imepauka kama kanga ya miaka kumi.

Usibandike kwa selotepu. Usitumie albamu za picha zenye plastiki nyororo inayonuka, inakula rangi. Tanga kuna joto na chumvi, hivyo sanduku lisikae sakafuni wala ukutani. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, vitie humo na uvibadilishe mara kwa mara. Ukiona vidoa vya kahawia kama madoadoa ya ndizi mbivu, hiyo ni kuvu. Tenga iliyoathirika isiambukize nyingine. Barua za baba zilizomo ndani ziache ndani ya bahasha zake.

WakiliMstaafu
Hiyo ya rupia 10. Mfalme mwenye ndevu huenda ni George V, na kama imeandikwa East Africa and Uganda Protectorates ni ya kabla shilingi haijaingia. Jiulize, nani alituma barua ya rupia 10? Stempu za thamani kubwa mara nyingi zilibandikwa kwenye hati na mikataba kulipia ushuru wa serikali, karani akazifuta kwa kalamu au kwa muhuri wa ofisi. Mkusanyaji wa posta anataka muhuri wa posta. Yenye mkasi wa kalamu bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile unayoiona kwenye katalogi, yaani kitabu cha bei za stempu.

Wapo matapeli wanaofuta wino wa kalamu kwa dawa kisha wanagonga muhuri bandia wa posta. Ukija kununua siku moja, ujue. Na yako asije mtu akakushauri "kuisafisha".

BintiChumbageni
Jamani asanteni, nimejifunza mengi. Shemeji kanuna, beseni limerudi.

Nimetazama za JAMHURI kwa lenzi ya mwanangu ya shuleni. Kwenye albamu herufi hazilingani: M ya moja imejaa wino, ya jirani yake imekatika mguu, na mistari miwili imelala upande. Ile iliyopinduka iko peke yake, haina muhuri. Lakini kwenye furushi kuna bahasha yenye stempu za aina hiyo tatu, muhuri ni Wete, Februari 1964, anwani ya Tanga kwa mwandiko wa baba. Nyekundu ya malkia ina meno pande zote na herufi kwenye pembe.

Kizingo_Msa
Nyekundu yenye meno: shemeji kakosa. Ile ya kwanza, Penny Black, ilianza kutumika tarehe 6 Mei 1840, nyeusi na haina meno, ilikatwa kwa mkasi. Ilikuwa ikifutwa kwa muhuri mwekundu, watu wakawa wanaufuta wanatumia tena, basi 1841 wakageuza: stempu nyekundu, muhuri mweusi. Meno yalikuja rasmi 1854, na hizo nyekundu zilichapwa mabilioni. Hata nyeusi yenyewe ilichapwa zaidi ya milioni 68, inapatikana. Jina la nchi halimo kwa sababu Waingereza ndio walioanza, na hadi leo hawaandiki.

MzeeMalindi
Hiyo bahasha ya Wete, mwanangu, ndiyo sanduku lenyewe.

Nikueleze kwa nini. Muhuri wa mkono ni rahisi kughushi, mtu anachonga wake anagonga stempu za 1961 ambazo ni rahisi kupata. Ile iliyopinduka peke yake hakuna atakayelipa bei kubwa bila cheti cha wataalamu, na cheti kina gharama zake, chama cha wakusanyaji stempu cha London, Royal Philatelic Society, ni mmojawapo wa wanaotoa. Lakini bahasha iliyopita posta mwezi wa pili 1964, ina anwani, ina muhuri wa siku, hiyo inajishuhudia. Na ni mkono wa baba yako. Mimi nisingeiuza hata kwa deni.

Abu_Qais_Muscat
Assalaam alaykum. Naheshimu kauli ya mzee lakini sikubaliani nayo yote. Huku Oman wengi tuna asili ya Unguja na Pemba, na wapo wanaotafuta vitu hivi kwa moyo kabisa. Si vibaya kuuza zilizojirudia, hao twiga kwa mfano, ukabaki na zinazohusu familia. Albamu nzima ikikaa kabatini bila anayeijua, kizazi cha tatu kitaichezea.

Kuhusu bei, usitazame zinazotajwa na wauzaji mtandaoni, mtu anaweza kuandika tarakimu yoyote. Tazama mnada uliokwisha, kitu kiliondoka kwa kiasi gani. Na bei za katalogi ya Stanley Gibbons ni za dukani kwa stempu safi isiyo na kasoro. Wewe utapata chini ya hapo, nyingine chini sana. Huyo wa laki tatu mwambie akupe bei ya kimoja kimoja kwa maandishi.

BintiChumbageni
Amepita leo, hata Ijumaa hajangoja. Nimemwambia hivyo hivyo, bei ya kimoja kimoja. Akasema albamu nibaki nayo, atanipa laki nne na nusu kwa furushi la bahasha tu.

MzeeMalindi
Basi ameshakwambia mwenyewe thamani iko wapi. Piga picha kila bahasha mbele na nyuma, andika orodha, nakala moja akae nayo ndugu yako. Mtu mwingine asilitoe furushi nje ya nyumba.

Abu_Qais_Muscat
Dada, hiyo ya Wete ukibadili mawazo nijulishe mimi kwanza. Tutapatana bei nzuri.

MzeeMalindi
Bei nzuri atamwambia nani, wewe mnunuzi?

Dogo_Mbezi
Wakuu nimepiga simu nyumbani, bibi ana bahasha za Wete. Naanzia wapi?

Bi_Nyaraka
Anza kwa kumwomba bibi ruhusa. Halafu osha mikono.