Recuva, PhotoRec, programu ya kulipia au fundi? Nimefuta GB 38 za picha za familia

BintiMkulima · Jumapili, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za Jumapili. Mwenzenu nimefanya kitu ambacho mpaka sasa mikono inatetemeka.

Kompyuta ya nyumbani (laptopi ya zamani, Windows 10, diski ya GB 500 iliyogawanywa C na D) ilikuwa imejaa. Mdogo wangu alitaka kuweka tamthilia zake, nikaingia D kupunguza. Kulikuwa na folda mbili zenye majina yanayofanana, nikajua moja ni nakala ya nyingine. Nikafuta moja. Windows ikaniambia folda ni kubwa mno, haiwezi kuingia kwenye pipa la taka, je ifutwe moja kwa moja? Nikabofya Ndiyo. GB 38. Ile iliyobaki nilipoifungua ina picha 40 tu.

Humo kulikuwa na harusi ya kaka ya 2009, kipaimara cha dogo, na picha zote za baba kabla hajafariki 2016. Na nimegundua kosa wakati dogo ameshamwaga tamthilia humo humo D, kama GB 12 hivi.

Tangu mchana nasoma mtandaoni, kila mtu anasifia chake. Programu za kurudisha mafaili yaliyofutwa ninazoziona ni: Recuva, PhotoRec, zile za kulipia kama EaseUS na Disk Drill, au fundi (mmoja hapa mjini kaniambia laki na nusu, nimwachie mashine siku tatu). Aliyepitia haya anilinganishie kwa haki. Mama bado hajui.

NahodhaWaBajaji · saa 2:31 usiku

Pole sana dada. Kabla ya majina ya programu, nijibu moja: diski hiyo ni ya kuzunguka au ni SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani?

Hapo ndipo kesi inapoamuliwa. Kwenye diski ya kuzunguka, ukifuta faili Windows haigusi picha yenyewe. Inakwenda kwenye daftari lake na kuandika kwamba nafasi ile haina mwenyewe tena. Picha inabaki pale pale mpaka kitu kingine kije kukalia mahali pake. SSD ni habari nyingine. Tangu Windows 7, ukishafuta tu, SSD hupewa taarifa kwa amri iitwayo TRIM kwamba vyumba vile havina mtu, nayo huvisafisha kwa wakati wake. Ikishasafisha, hata ulete programu ya milioni itasoma sifuri tupu.

BintiMkulima · saa 2:34 usiku

Ya kuzunguka. Naisikia hata ikinguruma.

Pwaguzi · saa 2:40 usiku

Basi una bahati ya mtende. ZIMA HIYO MASHINE SASA HIVI, usifungue hata kivinjari.

MzeeWaLikoni · saa 3:02 usiku

Salaam kutoka Mombasa. Pwaguzi ana haki kwa jumla, lakini mwanangu, picha zilikuwa D na Windows inaishi C. Vyumba viwili vya nyumba moja, kila kimoja na mlango wake. Kinachoandikwa C hakiendi kukalia kilichofutwa D. Hatari ni kitu chochote kitakachoandikwa D, basi: vipakuliwa, tamthilia, hata hiyo programu ya kuokolea. Na asikuambie mtu eti uzirudishe picha kwenye D ile ile kisha utazipanga. Utakuwa unazika maiti juu ya maiti. Tafuta diski ya nje, hata ya kuazima, yenye nafasi GB 100 au zaidi.

Na zile GB 12 za dogo ziache hapo hapo. Kuzifuta sasa hakurudishi kilichokwishakaliwa.

Kibogoyo · saa 3:15 usiku

Zangu zilikwenda zote 2018. Nakuombea.

NahodhaWaBajaji · saa 3:48 usiku

Sasa ulinganisho. Nimezitumia zote mbili za bure zaidi ya mara moja, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Recuva ni rahisi, ina madirisha ya kubofya, na ya bure haina kikomo cha kiasi unachorudisha. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inasoma lile daftari, kwa hiyo kama kumbukumbu ya faili bado ipo unapata picha na jina lake na folda yake. Kwa GB 38 zilizopangwa kwa miaka, jina na folda ni nusu ya uhai. Ubaya wake ni ile taa ya kijani. Watu wanaona kijani wanashangilia, kisha picha haifunguki. Kijani maana yake ni kwamba hakuna faili *lililopo sasa* linalokalia nafasi ile. Kama lilikuja faili jingine likakaa, nalo likafutwa, Recuva haina namna ya kulijua hilo. Kwa hiyo usihesabu kijani, fungua picha uzione.

PhotoRec haijali daftari. Inapita diski nzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho ikitafuta alama ambazo kila picha ya JPEG huanza nazo, ikiziona inakata kipande na kukutolea. Hata daftari lingeungua lote ingefanya kazi. Ni ya bure kabisa na msimbo wake uko wazi. Gharama yake ni kwamba unapata rundo: folda zinazoitwa recup_dir, ndani yake mafaili yenye majina kama f0482176.jpg. Harusi, kipaimara na picha ya risiti ya mbolea vyote vimelala kitanda kimoja. Na picha iliyohifadhiwa vipande vipande sehemu mbalimbali za diski mara nyingi hutoka imekatika.

Kwa hiyo mimi nisingechagua moja. Recuva kwanza kwa ajili ya majina, halafu PhotoRec kwa zile ambazo Recuva imeshindwa. Zote zinasoma tu, ilimradi unachookoa unakielekeza kwenye diski ya nje.

Mwanaharakati_Kisumu · saa 4:05 usiku

Mmesahau ya Microsoft wenyewe. Windows File Recovery, ilitoka 2020, ni bure kwenye duka lao, ila inataka Windows 10 toleo la 2004 kwenda juu (hiyo 2004 ni namba ya toleo, si mwaka). Haina madirisha, unaandika amri. Kwa hali yako ingekuwa hivi, kama diski ya nje ni E:

winfr D: E: /extensive /n *.jpg

Ilinisaidia kazini. Lakini kwa ukweli, kwa mtu anayetetemeka mikono singeipendekeza. Ukikosea herufi moja unakaa unaangalia maandishi meupe kwenye giza.

Sultani_wa_Sinza · saa 4:20 usiku

Kwani shida nini? EaseUS ndiyo kiboko. Toleo la bure lina kikomo, lakini kuna iliyovunjwa ufunguo, unaitumia yote bila kulipa, nitumie ujumbe nikupe.

Bi_Arafa · saa 4:27 usiku

Usimsikilize huyo, dada yangu. Hizo programu zilizovunjwa ufunguo ndiyo njia aliyopita Djvu, kile kirusi cha wezi kinachofunga mafaili yote kwa msimbo wa siri na kukudai fedha. Shemeji yangu alikuwa anatafuta kurudisha picha za mtoto, akaishia kufungiwa hata zile ambazo hazikufutika.

Zile za kulipia zenyewe si mbaya. Wengi wanakuruhusu kuskani bure na kuona picha kabla hujatoa shilingi, na hilo ndilo la maana: kama kwenye onyesho hilo la awali picha ni nzima, ndipo ulipe. Kama haionekani, malipo hayataileta. Kuna na DMDE, toleo lake la bure linakuruhusu kurudisha mpaka mafaili 4,000 kwa mkupuo kutoka folda moja, kisha unarudia tena. Haina sura ya kuvutia ila inafufua mpangilio wa folda vizuri sana kwenye NTFS, mfumo ambao Windows hutumia kupanga mafaili kwenye diski.

MzeeWaLikoni · saa 4:41 usiku

Kuhusu fundi. Mimi si adui wa mafundi, kijana wangu ni fundi. Lakini wengi wa mtaani watafanya hicho hicho ulichoambiwa hapa, Recuva, kwa laki na nusu. Ukienda, kaa naye, umwambie kwa kinywa kipana: sitaki Windows mpya, nataka picha. Jirani yangu alipeleka mashine "ifufuliwe", akarudishiwa Windows inang'aa na D imeformatiwa, yaani imeachwa tupu. Fundi aliona amemsaidia. Halafu hizo ni picha za familia. Siku tatu ni nyingi kwa mashine kulala kwa mtu usiyemjua.

Fundi anakuwa wa lazima kama diski yenyewe ni mgonjwa: inagonga tak-tak-tak, au inapotea na kurudi. Hapo hakuna Recuva wala PhotoRec, kila dakika inayowaka inaweza kuwa inajichubua. Inazimwa na kupelekwa kwenye maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na bei yake ni ya kukaa kikao cha ukoo. Yako inanguruma tu, hiyo ni afya.

Chaurembo · Jumatatu, saa 12:50 asubuhi

Jamani swali la kizamani: hizo picha zilifikaje kwenye kompyuta? Harusi ya 2009 haikupigwa na simu. Kuna kamera mahali. Na kamera ina kadi.

BintiMkulima · saa 1:30 asubuhi

Ilikuwa kamera ya kaka, ile ndogo ya mfukoni. Kadi ipo kwenye droo lakini iliformatiwa ndani ya kamera, na ikapiga vitu vingine baadaye.

Chaurembo · saa 1:44 asubuhi

Ndiyo raha yenyewe! Kamera nyingi ukiformati zinafuta daftari tu, picha hazigusi. Kama baadaye ilipigwa picha chache haikujaa, za zamani zinaweza kuwa zimelala chini yake. Isukume kale kakitufe ka pembeni ka kuzuia kuandika, iweke kwenye kisomaji, pitisha PhotoRec. Halafu piga simu kwa wajomba. Za WhatsApp zimebanwa na tarehe zake za ndani zimeondolewa, lakini picha iliyobanwa ni picha.

Pwaguzi · saa 1:50 asubuhi

Huyu Chaurembo apewe soda.

BintiMkulima · Jumamosi, saa 10:15 jioni

Nimerudi na majibu. Niliazima diski ya nje ya TB 1 kwa mwalimu mmoja hapa jirani.

Folda ilikuwa na picha kama 6,200 (najua kwa sababu kaka aliwahi kuzihesabu). Recuva imenipa 4,700 zenye majina na folda zake, lakini nilipozifungua karibu 600 hazifunguki, na nyingi ya hizo zilikuwa na kijani kama Nahodha alivyosema. PhotoRec ilichukua saa tano kasoro. Imeleta rundo la kutisha, lakini humo nimepata zaidi ya 900 ambazo Recuva haikuziona kabisa. Zilizokaliwa na tamthilia ni kipaimara karibu chote na sehemu kubwa ya harusi.

Kisha kadi ya droo. Wakuu, harusi IPO. Picha 212, nzima, pamoja na ile ambayo bibi amekalia keki. Nimecheka peke yangu saa saba usiku.

Kwenye rundo la PhotoRec kuna mafaili mengi yanayoanza na t badala ya f, madogo kama stempu. Niyafute?

NahodhaWaBajaji · saa 10:40 jioni

Hongera sana! Usiyafute yote kwa pupa. Hizo t ni vijipicha ambavyo kamera huvificha ndani ya picha kubwa. Kama kubwa yake iko salama, futa. Kama kubwa imekufa, hicho kijipicha ndicho kilichobaki duniani. Kwa kipaimara utakuta kadhaa hapo.

Kupanga: tarehe ya kupigwa iko ndani ya picha yenyewe, jina likipotea haipotei. Programu iitwayo ExifTool itazibadilisha majina zote kwa tarehe hiyo kwa amri moja. Ila angalia kama saa ya kamera ilikuwa sahihi, maana kamera ikiisha betri huwa inarudi miaka ya nyuma na utaona harusi imefanyika kabla ya uchumba.

Bi_Arafa · saa 11:02 jioni

Na za baba?

BintiMkulima · saa 11:20 jioni

Za baba zimerudi nyingi, asante kwa kuuliza dada. Ile ambayo mama anaipenda, baba amesimama mbele ya ghala na jembe, imetoka nusu. Juu iko safi, kuanzia kifuani kwenda chini ni kijivu kitupu. Nimejaribu programu tatu, zote zinaishia pale pale. Leo nimemwambia mama kila kitu na kumwonyesha hiyo. Kaitazama muda mrefu, kisha akasema jembe analo stoo.