Tunauziwa wanga na silikoni, kitambaa chenyewe kiko wapi?

Wakuu, huu ni wizi na tuuite kwa jina lake. Jora linafika zito, laini, linang'aa. Likifuliwa mara moja tu, unashika wavu. Mteja anamlaumu fundi, fundi analaumu sabuni, na aliyekipaka kitambaa kule kiwandani haguswi na mtu.

Wanga wenyewe si kosa. Nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, lazima zipakwe wanga kabla ya kufuma, la sivyo zinakatika kwa kusuguana mtamboni. Ila kitambaa kikishashuka, wanga huo hulainishwa kwa vimeng'enya na kuoshwa wote, ndipo kipaushwe na kutiwa rangi. Wizi unakuja mwishoni: kitambaa chenye nyuzi chache za mshindio, zile zinazokatiza kwa upana, kinapakwa wanga upya, kinapitishwa kwenye rola za moto zinazokibana bapa, mianya inazibika. Chepesi kinageuka kizito machoni na mkononi.

Kupima ni rahisi, kwa hiyo muuzaji wa jumla asiseme hakujua. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kiweke kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, zidisha kwa 100. Hizo ndizo gramu kwa mita ya mraba. Kisha kitie kwenye kifuko cha wavu ili nyuzi za ukingoni zisipotee, kichemshe kwa sabuni nusu saa, kisuuze, kianike, kisha kikae chumba kilekile ulichopimia mwanzo kwa saa kadhaa. Hilo la chumba msilidharau: pamba hubeba unyevu wa hewa karibu asilimia 8 ya uzito wake, kwa hiyo ukiipima ikiwa moto kutoka juani unapata jibu la uongo. Pima tena kipande kilekile. Kilichokuwa gramu 1.50 kikirudi 1.30, umelipia gramu 20 za gundi katika kila mita ya mraba. Usiye na mizani, sugua kitambaa kwa nguvu juu ya nguo nyeusi uone unga unavyodondoka.

Silikoni, kilainishi cha kitambaa, ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inadanganya vidole. Pamba ya nyuzinyuzi fupi, iliyosokotwa ovyo, inazamishwa kwenye kilainishi hicho na kuteleza kama hariri. Kilainishi kikiisha, ncha zile fupi zinachomoza na kujiviringa vitonge. Penye mchanganyiko wa poliesta ni balaa kabisa: poliesta ni ngumu, haikatiki, hivyo inavishikilia vitonge visidondoke. Halafu kuna taulo zilizolainishwa hivyo! Dondosha tone la maji juu ya taulo mpya. Likikaa kama ushanga badala ya kunywewa, hilo ni pambo tu, kazi ya kukausha mwili haliwezi.

Lebo nazo. "Pamba 100%" imegeuka salamu. Chomoa uzi wa mtande na uzi wa mshindio, uchome kila mmoja peke yake, maana ujanja wa siku hizi ni kuweka pamba upande mmoja na poliesta upande mwingine. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta hukimbia moto, hujikunja, huyeyuka, huacha kidonge kigumu cheusi kisichopondeka kwa vidole. Tofauti hiyo inafika mwilini: poliesta hubeba unyevu wa asilimia 0.4 hivi tu, ndiyo maana shati linagandia mgongoni.

Viskosi, uzi unaotengenezwa kiwandani kutokana na mti, huwezi kuitambua kwa kuichoma, maana nayo inanuka karatasi. Ilowesheni. Uzi wa pamba ukilowa unazidi nguvu, wa viskosi unapoteza karibu nusu na kukatika kirahisi. Na hizi "nguo za mianzi", nyingi ni viskosi hiyohiyo: mwanzi umelainishwa kwa kostiki soda na kaboni disulfidi, ukakamuliwa kuwa uzi ndani ya asidi ya salfuri. Marekani iliwafungulia wauzaji mashtaka kwa udanganyifu huo mwaka 2009. Bado tunaambiwa ni za asili.

Kunywea, yaani nguo kufupika ikifuliwa, pia si bahati mbaya. Kitambaa huvutwa kwa urefu tangu kufumwa hadi kukaushwa, kisha maji ya kufulia yanakiachia kirudi kilipotaka kuwa. Mitambo ya kukisinyaza mapema ipo tangu miaka ya 1930. Wanairuka kwa sababu jora lililosinyazwa lina mita chache za kuuza. Chora mraba wa sentimita 50 mbali na pindo, fua, kausha, pima. 50 ikiwa 47, hiyo ni asilimia 6, na suruali ya sentimita 100 imekuwa fupi kwa 6. Fulana ambayo mshono wa ubavuni umehamia tumboni ni kesi nyingine: uzi umesokotwa kupita kiasi, na pasi haiurudishi.

Wauzaji, tunataka mambo matatu yaandikwe kwenye kila jora: gramu baada ya kufua, asilimia ya kunywea kwa urefu na kwa upana, na aina ya uzi wa mtande na wa mshindio kila mmoja peke yake. Kipande cha kupima kikatwe mbele ya mnunuzi, kabla hajalipa.