Usaili 5 wa residensi Marekani: nijiandae vipi, na orodha ya NRMP niipangeje?

Daktari_Mtarajiwa

Wakuu, habari zenu. Nimehitimu udaktari nje ya Marekani na niko Afrika Mashariki. Naomba residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, kupitia NRMP, shirika linalowapangia waombaji nafasi kwa kulinganisha orodha zao na za programu. Msimu huu nimepata mialiko 5 ya usaili, yote kwa video: 4 ya tiba ya ndani na 1 ya nyurolojia. Mitihani ya leseni ya Marekani, Step 1 na Step 2 CK, nimefaulu; ule wa Kiingereza, OET, nafanya mwezi ujao. Naomba msaada kwenye haya:

1. Programu moja ndogo inaonekana kunitaka sana. Niiweke namba 1 kwenye orodha ili nisikose kabisa, au niweke ile ninayoipenda kwelikweli ingawa ni ngumu kuipata?
2. Wasaili hasa wanatafuta nini?
3. Mkurugenzi wa programu akiniandikia kwamba "tutakuweka juu", hiyo ni ahadi?
4. Matokeo yakitoka Machi nikakosa nafasi, nafanya nini?

Asanteni.

---

Kalamu_na_Stetoskopu

Swali lako la kwanza ndilo linalowaponza wengi, kwa hiyo naanza nalo. Weka namba 1 ile unayoipenda kwelikweli. Nasema hivi kwa sababu ndivyo hesabu yenyewe ilivyotengenezwa.

Kompyuta ya NRMP inaanza na orodha ya mwombaji, haianzi na ya programu. Imekuwa hivyo tangu 1998, ilipoanza kutumika kanuni ya Alvin Roth na Elliott Peranson. Ifuate kwa mfano mdogo.

Programu mbili, Kaskazini na Kusini, kila moja ina nafasi moja. Musa kapanga Kaskazini, kisha Kusini. Neema kaandika Kaskazini peke yake, Juma kaandika Kusini peke yake. Kwa upande wa pili, Kaskazini inamtaka Neema kwanza, halafu Musa. Kusini inamtaka Musa kwanza, halafu Juma.

Kompyuta inamshika Juma, inamweka Kusini kwa muda. Inamshika Musa, inajaribu Kaskazini, nafasi iko wazi, anakaa kwa muda. Anakuja Neema, naye anataka Kaskazini. Kaskazini inampenda Neema zaidi, kwa hiyo Musa anatolewa. Sasa angalia hapa: Musa anashuka kwenye namba 2 yake, Kusini, na ingawa Juma alishakaa pale, Kusini inampenda Musa zaidi. Juma anaondoka, Musa anaingia.

Kwa hiyo Musa hakupoteza chochote kwa kuanza na Kaskazini. Kusini haikumwadhibu kwa kuwa namba 2 kwake, na wala haitajua kamwe kwamba ilikuwa namba 2. Angeiweka Kusini juu kwa woga, na Neema akaamua kwenda kwingine, angekuwa ameitupa Kaskazini bure.

Ile programu ndogo, kama kweli inakutaka, itakukuta hata ukiiweka namba 3.

Ila usiandike programu ambayo huko tayari kwenda. Matokeo ya Match, yaani upangaji huo wa NRMP, yanakufunga kama mkataba. Ukipangiwa ukakataa bila kuruhusiwa na NRMP, unaweza kufungiwa kushiriki misimu inayofuata. Hata ukianza kazi, unatakiwa kubaki angalau siku 45 tangu tarehe ya kuanza ndipo uhesabike umetimiza.

Swali la 3: hapana, si ahadi. Sheria inaruhusu programu kukwambia inakupenda, lakini hairuhusiwi kukulazimisha useme umeipanga ya ngapi, wala kukulazimisha utaje kwingine ulikoomba. Orodha inayohesabika ni ile iliyothibitishwa kwenye mfumo. Barua pepe tamu isikusogezee programu hata nafasi moja. Na wewe, ukitaka kumwandikia mkurugenzi kwamba yake ni namba 1, mwandikie mmoja tu, na iwe kweli.

---

Mama_Wodi

Nami nijibu la usaili. Daktari, ukishaitwa, vyeti vyako vimeshasomwa na vimekubalika. Pale wanajiuliza jambo moja: huyu mtu, saa 9 usiku, mgonjwa amebadilika ghafla na wodi imejaa, nitafurahi kuwa naye zamu moja?

Usaili wa kawaida una watu wawili hadi wanne, kila mmoja dakika 15 hadi 30, pamoja na kikao cha wote na mkurugenzi na kingine na residenti bila wakubwa. Hicho cha residenti wengi hukidharau wakidhani ni maongezi tu. Residenti wanaulizwa maoni yao baadaye, kwa hiyo hudhuria ukiwa umejiandaa vilevile.

Andaa hadithi fupi 6 au 7 za kweli kutoka wodini: mgonjwa mgumu, kosa ulilofanya, mgongano na mwenzako, mara uliyoongoza, mara uliyoshindwa, jambo ulilofundisha mtu. Kila moja isizidi dakika moja na nusu. Hadithi moja inaweza kujibu maswali matatu tofauti, ndiyo maana hazihitajiki thelathini.

Mfano wa swali la kosa. Jibu linaloangusha: "Kosa langu ni kwamba najituma kupita kiasi." Msaili amelisikia mara mia. Jibu linalosimama: "Niliandika dozi ya dawa bila kuangalia kreatinini ya siku hiyo. Mfamasia aliliona kabla dawa haijatolewa. Nilimweleza daktari wangu siku ileile, na tangu hapo sisaini dozi ya dawa inayotolewa na figo kabla ya kufungua majibu ya maabara." Hapo kuna kosa, kuna aliyelikamata, kuna ulichokiri, kuna kilichobadilika. Ukikosa kile cha mwisho, umesimulia ajali tu.

Kila ulichoandika kwenye ERAS, mfumo wa kutuma maombi, kinaweza kuulizwa. Ukitaja utafiti, ujue swali lake, idadi ya washiriki na udhaifu wake. Mfumo unaruhusu shughuli 10 na kati ya hizo unachagua 3 zenye maana kubwa zaidi, na wasaili wengi huanzia hapo. Kama una mwaka mtupu baada ya kuhitimu, ueleze kwa sentensi mbili zilizonyooka kisha nyamaza. Kujitetea kirefu ndiko kunakozua shaka.

"Kwa nini sisi?" lijibu kwa kitu ambacho huwezi kukihamishia programu nyingine. Ukisema "mna mafunzo mazuri na watu wakarimu," umesema habari za programu zote.

Nawe uliza. Nani anabaki na wodi usiku, na anasimamiwa na nani? Ratiba ya kliniki imepangwaje: wiki 4 wodini kisha 1 ya kliniki, au vinginevyo? Wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wameenda wapi? Kikomo cha saa kinajulikana, 80 kwa wiki kwa wastani wa wiki 4, kwa hiyo usiulize "mnafanya kazi saa ngapi". Waulize residenti wiki ngumu zaidi ya mwaka inakuwaje. Kama uso unabadilika kabla ya jibu, andika hilo kwenye daftari lako.

Sasa saa, maana hapa watu wanakosa usaili kabisa. Marekani hubadilisha saa Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kabla ya hapo New York iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 7, baada ya hapo 8. Chicago ongeza 1, California ongeza 3. Usaili wa 8:00 asubuhi Chicago mwezi Desemba, kwako ni saa 11 jioni. Wa 1:00 mchana California, kwako ni saa 6 usiku, yaani tarehe inageuka. Mwaliko huandikwa kwa saa za kwao, na sisi tunahesabu tangu alfajiri, kwa hiyo andika ukutani kwa mitindo yote miwili. Mwaliko ukiingia, jibu ndani ya saa chache. Nafasi za tarehe huisha haraka.

---

Mhasibu_wa_Orodha

Waliotangulia wamemaliza makubwa. Mimi nagusa makaratasi tu, kwa sababu yanawaangusha waombaji wazuri.

Angalia msimbo wa kila programu: tarakimu saba, herufi, kisha tarakimu moja. Ile herufi ndiyo ya kuchunga. C ni nafasi kamili, unaanza mwaka wa kwanza hadi mwisho. P ni ya awali, mwaka mmoja tu. A inaanza mwaka wa pili, yaani mwaka wa kwanza unautafuta mwenyewe kwingine. R ni kwa madaktari waliokwisha pata mafunzo ya awali yanayotakiwa, na inaanza mwaka huohuo.

Nyurolojia ina C na ina A, kwa hiyo fungua huo mwaliko wako leo uangalie. Ikiwa ni A, utahitaji pia nafasi za mwaka wa kwanza, na hizo zinaandikwa kwenye orodha ya nyongeza inayofungamana na programu ile. Ukiisahau, unaweza kupangiwa nyurolojia ya mwaka kesho kutwa na mwaka wa kwanza huna. Wanaita kupata nusu, na inauma kuliko unavyofikiri.

OET ifanye mapema. Kwa mhitimu wa nje, NRMP huuliza ECFMG, shirika linalothibitisha madaktari waliosoma nje ya Marekani, kama mitihani yote inayotakiwa imefaulu kufikia siku ya mwisho ya orodha. Kama bado, unaondolewa hata kama ulisailiwa vizuri. Alama ya OET inayotakiwa ni 350 kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 300 kwenye kuandika.

Siku ya mwisho ya orodha huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, saa 3 usiku New York. Kwako ni saa 11 alfajiri ya siku inayofuata. Usingoje alfajiri hiyo. Kuingiza programu hakutoshi, lazima ubonyeze kuthibitisha, na ukihamisha hata mstari mmoja, thibitisha upya. Kisha piga picha ya skrini inayoonyesha orodha imethibitishwa.

---

Daktari_Mtarajiwa

Mmenifungua macho. Nimeangalia, ile ya nyurolojia ina A! Sina usaili wowote wa mwaka wa kwanza. Na lile la kukosa Machi bado.

---

Mhasibu_wa_Orodha

Afadhali umeliona sasa. Waandikie leo hii programu zenye nafasi za P za tiba ya ndani, hasa kwenye mji ule wa nyurolojia. Muulize pia mratibu wa nyurolojia kama wana makubaliano na hospitali fulani kwa mwaka wa kwanza. Wengine wanayo na hawatangazi. Ukikosa zote, bado unaweza kuiweka, lakini ujue mwaka wa kwanza utautafuta kwenye SOAP, yaani duru ya kugombea nafasi zilizobaki.

---

Kalamu_na_Stetoskopu

Kuhusu kukosa. Jumatatu ya wiki ya tatu ya Machi unaambiwa kama umepata au hapana, bila kutajiwa wapi. Wapi utajua Ijumaa, saa 6 mchana New York, ambayo kwako ni saa 1 usiku, kwa sababu wakati huo saa zao zimeshasogea tena.

Jumatatu ikisema hapana, unaingia SOAP. Unaona orodha ya nafasi zilizobaki na unaomba hadi programu 45 kupitia ERAS. Ofa hutoka Alhamisi kwa raundi 4. Ukikubali, umefungwa. Ukiikataa, programu ile haikupi tena. Na kosa baya kuliko yote: kupiga simu au kuandika kwa programu kabla haijakutafuta. Hairuhusiwi, na hairuhusiwi hata kama anayepiga ni mjomba wako au mwalimu wako. Waambie wote mapema.

Jiandae kabla ya Machi. Andika maelezo binafsi mengine kwa fani unayoweza kuikubali, mfano tiba ya familia, na uwe na barua ya mapendekezo inayoifaa. Siku ya Jumatatu hakuna muda wa kuandika kitu kizuri.

Usipuuze. Mwaka 2025, wahitimu wa nje wasio raia wa Marekani waliopata nafasi ya mwaka wa kwanza walikuwa takriban 58 kwa kila 100.

---

Mama_Wodi

Niongeze viza, maana hajauliza. Uliza kila programu kabla ya kupanga orodha: mnadhamini J-1 (viza ya mafunzo) peke yake, au na H-1B (viza ya kazi)? Ya J-1 inadhaminiwa na ECFMG, inahitaji barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako, na inakudai miaka miwili nyumbani baada ya mafunzo usipopata msamaha. H-1B inahitaji uwe umefaulu mtihani wa Step 3, na tangazo la Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya Marekani. Usipange kwa jibu la mwaka jana.

Barua ya wizara ulizia utaratibu wake sasa, hata kabla ya matokeo. Kutoka Ijumaa ya Match hadi Julai mosi ni kama miezi mitatu na nusu, na programu nyingi huanza utambulisho Juni.