Mama mdogo ameweka dole gumba kwenye fomu asiyoielewa: tumsaidieje aamue mwenyewe?

Mtoto wa Dada, Mbeya

Salaam wanajukwaa. Mama yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 52, amegundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi baada ya kutokwa na damu kwa miezi mingi, na kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo kilichokatwa na kupimwa, kimethibitisha. Hospitalini alikopimwa, daktari alizungumza na mimi na mjomba wetu mkubwa tukiwa tumesimama koridoni, huku mgonjwa mwenyewe ameketi kwenye benchi pembeni, mkoba wake mapajani. Baadaye aliletewa fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaweka dole gumba. Usiku nilipomuuliza ameelewa nini, alinijibu kwa utulivu kwamba ameambiwa yuko hatua ya tatu, kwa hiyo hazijabaki nyingi amalize. Alidhani ni hatua za matibabu. Nilinyamaza, kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Sasa amepewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili ya mionzi na dawa za dripu. Wajomba wanataka aendelee kuambiwa kuwa ni uvimbe tu ili asikate tamaa, na mmoja wao anashauri aanze kwanza na mitishamba kwa miezi miwili. Mimi naona ana haki ya kujua na kuchagua, lakini sina elimu ya kumweleza. Nimwambie nini, na tutakapofika kule tuulize nini?

Muuguzi wa wodi ya saratani

Pole sana, ndugu yangu, na umfikishie mama pole zetu. Hilo la "hatua" nimelisikia mara nyingi, na simlaumu mgonjwa hata mmoja, kwani kwa Kiswahili chetu aliyepiga hatua amesonga mbele. Neno "chanya" nalo hupotosha vivyo hivyo: mtu huambiwa majibu yake ni chanya, yaani ugonjwa umeonekana, akarudi nyumbani akishukuru Mungu.

Mimi hutumia kibuyu. Mwambie mama afikirie kibuyu kilichopinduliwa, shingo ikiwa chini: tumbo la kibuyu ndimo anamokaa mtoto, na ile shingo ndiyo iliyougua. Namba ya hatua inaeleza ugonjwa umefika wapi. Ukiwa ndani ya shingo peke yake ni ya kwanza. Ya tatu maana yake umetoka shingoni, pengine ukafika kwenye ukuta wa nyonga, sehemu ya chini ya uke au tezi za jirani, au ukabana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Ni ugonjwa mzito, na asifichwe uzito huo, lakini aelezwe pia kwamba hatua ya tatu mara nyingi bado hutibiwa kwa nia ya kuponya. Swali la kwanza mtakalomuuliza daktari liwe hilo hilo: tiba hii inalenga kuponya, au kupunguza maumivu na damu? Majibu hayo mawili yanamfanya mtu apange maisha yake kwa namna mbili tofauti kabisa.

Kuhusu mionzi, watu husema "kuchomwa", na wapo waliotoroka wodini kwa sababu ya neno hilo tu. Mionzi ya nje haichomi kama moto wala haiumi wakati inapopigwa; mgonjwa hulala mezani kwa dakika chache, kwa kawaida Jumatatu hadi Ijumaa kwa takriban wiki 5, akipata dripu mara moja kwa wiki kama figo na damu zinaruhusu, kisha hufuata mionzi ya ndani, inayowekwa kwa kifaa kupitia ukeni hadi karibu na ugonjwa. Tiba yote inatakiwa ikamilike ndani ya wiki 8 hivi, kwa sababu ikikatizwa katikati nguvu yake hupungua. Kwa hiyo nauli, chakula na mahali pa kulala ni sehemu ya uamuzi, na muulize ofisi ya ustawi wa jamii siku ya kwanza kabla fedha hazijaisha. Miezi miwili ya mitishamba ni muda ambao ugonjwa hausubiri.

Jambo la mwisho: kama Kinyakyusa au lugha nyingine ya nyumbani ndiyo anayoisikia vizuri, ombeni mtu wa kumtafsiria, na asiwe mjomba anayetaka kuficha. Daktari akimaliza, mama aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Akikosea, anayepaswa kurudia ni mwelezaji. Na dole gumba lile halimfungi. Anaweza kuuliza upya, hata kukataa.

Kaka wa Iringa

Sisi tulificha. Mama yetu aliambiwa ni uvimbe hadi tulipofika getini, akasoma kibao, akatugeukia na kuuliza, "Uvimbe ndio unaotibiwa hapa?" Alitibiwa, lakini hakutuamini tena katika jambo lolote la ugonjwa wake, na maswali yake yote alimuuliza mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Mama wa watoto watatu

Mwanangu, mimi nilimaliza mionzi nikiwa na miaka 39. Nilielezwa kuhusu kuharisha na uchovu, lakini hakuna aliyeniambia kwamba hedhi ingekoma, wala kwamba uke ungeweza kubana na tendo la ndoa likawa na maumivu, ilhali zipo njia za kupunguza hali hiyo zikianzwa mapema. Ningekubali tiba vilevile, lakini mimi na mume wangu tusingeishi mwaka mzima kila mmoja akimdhania mwenzake vibaya. Mama yako mdogo atafutiwe muuguzi wa kike, wakae wawili bila mwanamume chumbani, aulize hata yale anayoyaonea haya.

Mtoto wa Dada, Mbeya

Shikamoo mama, na asanteni nyote. Jana nilimweleza kwa kibuyu chenyewe, kile cha maziwa cha bibi. Alikishika shingo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ni hapa." Ameamua kwenda, na amewaambia wajomba mwenyewe. Ameniagiza niulize jambo moja: anaishi na mjukuu wa mwaka mmoja, je, ataruhusiwa kumpakata katika wiki hizo za mionzi?

Muuguzi wa wodi ya saratani

Ampakate. Mionzi ya nje haibaki mwilini mwake anapotoka chumbani, na ile ya ndani huondolewa kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Kama atakuwa amechoka sana, akae chini kwanza, kisha aletewe mtoto.